Kisu cha Tabibu na Ulimi wa Watu

Katika mabaraza yetu ya baada ya sala ya Isha, mwili wa mtu huhukumiwa upesi kuliko mali yake. Mtu akikopa fedha, watu huuliza kwanza amekopa kwa nani na kwa masharti gani. Lakini ikisemwa kwamba fulani, aliyekuwa mnene mno, amekwenda kupasuliwa tumbo ili apungue, hukumu hutoka kabla ya swali. Mmoja atasema ni uvivu, kwa nini asifunge Jumatatu na Alhamisi? Wa pili atasema ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wa tatu, ambaye hujiona ana akili za kisasa, atasema mwili ni wake na fedha ni zake, basi tumwache. Wote watatu wamekwisha sema, na hapana hata mmoja wao aliyeuliza upasuaji huo ni kitu gani, wafanyiwa nani, na mwenye kufanyiwa ataishi vipi kesho yake.

Tumeona tuandike juu ya jambo hili kwa sababu imetufikia barua ya mama mmoja wa mitaa ya magharibi ya Nairobi, ambaye kila siku hushuka mjini kufanya kazi dukani, si mbali na Msikiti wa Jamia. Jina lake na mtaa wake tumevificha. Amepita miaka arobaini, ana kilo 118, na urefu wake ni mita 1.60. Ana kisukari, na magoti yake yamekataa. Huu ni mwaka wa tatu anasali juu ya kiti, na asema hapana kitu kimuumacho kama kuwaona vikongwe wakisujudu naye amekaa. Katika matatu za Waiyaki Way makanga humwambia mbele ya abiria alipe viti viwili. Amekwisha kuonana na mpasuaji, fedha amezipata kwa chama cha akina mama na kwa kuuza dhahabu yake, na sasa, siku ikiwa imekaribia, usingizi umempotea. Atuuliza mambo matatu. La kwanza, je, ni dhambi kukata kiungo kizima? La pili, je, ni kweli wasemavyo watu kwamba huu ni ujanja wa aliyeshindwa na nafsi yake? La tatu, yeye na mumewe wamekubaliana kuwaambia watu wote, hata mama mkwe anayeishi nao na binti yao mkubwa, kwamba anakwenda Mombasa kupumzika. Je, huo ni uongo au ni sitara?

Msomaji huenda akaona kwamba hilo la tatu ndilo dogo. Sisi twaona ndilo kubwa, na tutalifikia.

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Kuna upasuaji wa kunyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi, na makusudio yake ni umbo. Na kuna upasuaji wa mfuko wa chakula wenyewe, na makusudio yake ni maradhi. Watu wengi huvichanganya viwili hivi, khasa tangu mwishoni mwa mwaka 2024, alipofariki mwanamke mmoja baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki moja ya Nairobi, na Baraza la Madaktari likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Msiba ule ulitia hofu nyumba nyingi, na hofu hiyo ina haki yake. Lakini haukuwa upasuaji huu tunaouzungumza.

Huu wa mfuko wa chakula una namna kadha. Unaofanywa sana siku hizi ni ule wa kukata na kuondoa robo tatu ya mfuko au zaidi kidogo, ukabaki mfereji mwembamba mfano wa ndizi. Kilichoondolewa hakirudi. Namna ya pili ni kufanya kijifuko juu ya mfuko wa chakula, chenye kuchukua takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa, kisha kukiunganisha na utumbo mdogo ili chakula kipite kando. Zote mbili hufanywa kwa vitundu vidogo na kamera, mgonjwa akiwa katika nusukaputi. Mwenye kuanzisha namna hii ya pili alikuwa mpasuaji wa Kimarekani, Edward Mason, katika Chuo Kikuu cha Iowa mwaka 1966; basi si jambo lililozuka jana.

Wala haufanyiwi kila atakaye. Matabibu hugawanya uzito wa mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 64 hupata 25, na hapo ndipo uzito unapoanza kuhesabiwa kuwa umezidi. Mwenye kilo 102 hupata karibu 40. Mwaka 1991 matabibu wa Marekani waliafikiana kwamba kisu ni cha aliyefika 40, au 35 akiwa na maradhi mazito yaletwayo na unene. Na mwaka 2022 jumuiya za wapasuaji zikashusha mpaka hadi 35 hata bila ya maradhi mengine, na kuruhusu ufikiriwe toka 30 kwa mwenye kisukari. Mama aliyetuandikia yuko 46.

Khatari ipo, na asiyeitaja humdanganya mgonjwa. Katika hospitali zenye uzoefu, wanaokufa ndani ya siku thelathini za mwanzo ni kadiri ya mtu 1 hadi 3 katika kila 1,000. Kuna kuvuja damu, kuna mshono wa ndani kuachia, kuna damu kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Lakini kukaa bila ya kupasuliwa nako kuna hesabu yake. Huko Sweden, toka mwaka 1987, matabibu waliwafuata watu 2,010 waliopasuliwa, wengi wao kwa namna za zamani kuliko hizi, na wengine 2,037 wanene kama wao wasiopasuliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba vifo katika waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo.

Sasa tuje kwenye tuhuma ya maumbile. Wenye kuitoa hutegemea yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa juu ya ahadi ya shetani ya kuwapoteza watu hata wabadilishe alivyoumba Mungu. Twawajibu kwa watu wawili mashuhuri. Urwa bin Zubeir, mjukuu wa Sayyidna Abubakar kwa binti yake Asmaa, alipatwa na maradhi mguuni alipokuwa safarini kwenda Sham kwa Khalifa Al-Walid, na matabibu wakaukata mguu ili roho isalimike. Na Arfaja bin As-ad, aliyekatwa pua vitani, alifanya pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume s.a.w. akamwelekeza afanye ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa wanaume imekatazwa. Haja ya mwili ilizingatiwa.

Hapa mpinzani ana hoja ya kweli, na hatutaki kumpita mbio. Atasema mguu wa Urwa ulikuwa umeoza, na mfuko wa chakula wa mama huyu ni mzima. Ni kweli. Lakini maradhi ya mama huyu hayakukaa mahali pamoja kama kidonda cha mguu. Kisukari hula macho, figo na miguu, na njia ya kukifikia imepita tumboni. Tena ile sehemu ya mfuko inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, ambayo huupelekea ubongo habari ya njaa. Ikiondolewa, kelele ile hupungua, na sukari ya damu mara nyingi huanza kushuka kabla ya mwili kukonda. Basi kinachokatwa ni kizima kwa sura, na kazi yake imekuwa ya madhara kwa mwenyewe. Ndiyo maana maulamaa wengi wa zama hizi wameruhusu pale tabibu mwaminifu anapothibitisha haja, na ndiyo maana jawabu letu lingekuwa jingine kwa msichana mwenye kilo 70 atakaye kuvaa gauni la harusi ya Desemba.

Tuhuma ya uvivu yahitaji maneno zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo itokayo vinywani mwetu sisi tusomao. Twaijua vizuri mafunzo ya Mtume s.a.w. ya kuigawa nafasi ya tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Lakini tazama yanavyotumiwa. Mafunzo yale aliambiwa mlaji kwa ajili ya nafsi yake, nasi tumeyafanya fimbo ya kumpigia jirani. Na mwenye kuishika fimbo hiyo mara nyingi ni mwembamba kwa tabia ya kuzaliwa, ambaye hula sahani mbili za pilau na mwili wake usishike kitu, akadhani huo ni uchaji Mungu.

Uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015 uliona kwamba katika kila wanawake 100, zaidi ya 38 wamepita uzito wa afya, na katika wanaume 100, zaidi ya 17. Je, tuseme wanawake wa Kenya ni wavivu mara mbili kuliko wanaume? Aamke msomaji alfajiri, asimame Kangemi au Kawangware, aangalie ni nani aliye na mzigo kichwani na mtoto mgongoni wakati ambao wanaume wengi wangali kitandani. Lazima pawe na sababu nyingine, nazo si siri. Mtu anayetoka Dagoretti kabla ya jua, akae nyuma ya meza saa kumi, arudi ndani ya matatu saa mbili za usiku, hana saa ya kutembea wala njia salama ya kutembelea. Katikati ya mji, toka Tom Mboya hadi Moi Avenue, chipsi na soda vyapatikana kila hatua chache, navyo hushibisha kwa fedha chache kuliko sahani ya samaki na mboga. Mwili ukisha kunenepa huulinda unene wake. Mtu akijinyima, njaa huongezeka na joto la mwili hupungua, kana kwamba mwili waogopa njaa ya nchi. Wengi wanaocheka hawajui kwamba mama yule amekwisha kupungua kilo kumi mara nne katika maisha yake, na mara zote nne zikarudi na ziada.

Wazee wetu wa Andalusia walikuwa na adabu zaidi katika jambo hili. Sancho, mfalme wa León, alinenepa hata wakuu wake wakamwondoa katika ufalme mwaka 958, na kumwita jina la dhihaka ambalo limemganda mpaka leo katika vitabu. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, akamwendea Khalifa Abdurrahman wa Tatu wa Cordoba kuomba msaada. Khalifa akampa tabibu wake, Hasdai bin Shaprut, naye alikuwa Myahudi. Sancho akatibiwa huko Cordoba, akapungua, na kwa msaada wa majeshi ya Waislamu akarudi katika ufalme wake mwaka 960. Mkristo aliyefukuzwa na watu wake kwa unene, akapokewa na Khalifa wa Kiislamu, akatibiwa na tabibu wa Kiyahudi. Na katika nchi hiyo hiyo, miongo michache baadaye, akafa Az-Zahrawi, aliyeacha kitabu cha utabibu cha sehemu thelathini, cha mwisho chake kikiwa cha upasuaji na picha za visu vyake. Watu wale hawakuona kisu kuwa aibu.

Lakini hatutaki kuvuka mpaka upande wa pili, tukasema ulafi haupo au kwamba nafsi haina hesabu. Upo, na kisu hakiukati. Aliyepunguzwa tumbo akitaka kulidanganya ataweza. Atakunywa soda na aiskrimu siku nzima, vitu vipitavyo mferejini bila ya kusimama, na uzito utarudi. Wako pia waliozoea kukimbilia chakula wakati wa huzuni, na kimbilio hilo likifungwa, huzuni hubaki bila ya mlango, na baadhi yao huangukia ulevi au hukata tamaa ya maisha. Kwa hivyo ni lazima mgonjwa aulizwe, kabla ya kisu, hula wakati gani na kwa nini. Aitaye jambo hili njia ya mkato hajapata kuishi miezi sita kwa vijiko.

Na sasa swali la tatu. Dada yetu atuuliza kama kusema "nakwenda Mombasa" ni uongo au ni sitara. Jibu la kitabu ni jepesi, nalo ni kwamba ni uongo. Lakini hatukuandika ili kumhesabia uongo mtu aliyeshindwa kulala. Twataka aone kwamba katika safari yote hii ya khatari, jambo lililo khatari kupita mengine ambalo liko mikononi mwake ni hilo la kuficha.

Mgonjwa hurudishwa nyumbani baada ya siku mbili au tatu. Wiki za kwanza ni maji na supu iliyochujwa, funda moja moja, kisha vyakula laini vya kusagwa, kisha vigumu kidogo kidogo. Katika siku hizo mshono wa ndani ukivuja, dalili zake ni moyo kwenda mbio, homa, maumivu ya tumbo au ya bega, na pumzi kuwa fupi. Katika nyumba isiyojua, dalili hizo zina jina tayari, nalo ni malaria. Mama mkwe, kwa mapenzi yake, atapika uji mzito, atamtuma mtoto dukani kuleta vidonge vya homa, atasema tungoje asubuhi. Mgonjwa wa namna hii akingojewa hadi asubuhi aweza kufa. Na kama atakuwa amejificha katika chumba cha kukodi ili aonekane yuko Mombasa, naye mumewe mchana yuko kazini, basi hata wa kupika uji huo hayupo.

Ikipita hiyo, kuna mengine. Jirani mwema atampa kidonge cha maumivu, ibuprofeni au diklofenaki, ambavyo kila duka la dawa huuza. Na kwa aliyefanyiwa ile namna ya pili, vidonge hivyo vyaweza kuleta kidonda pale palipounganishwa. Mwezi wa tatu au wa nne nywele huanza kunyonyoka, kisha humea tena. Asiye na wa kumwambia hudhani anakufa. Vitamini, khasa B12, na madini ya chuma na kalsiamu, itambidi ayatumie maisha yake yote, na vidonge vya kila siku haviwezi kufichwa katika nyumba ya vyumba viwili. Mwanamke aliyekuwa hashiki mimba kwa unene aweza kushika mara tu apunguapo, na matabibu hutaka angoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na vidonge vya kuzuia mimba huenda visishike vizuri tumbo likiwa limeunganishwa upya. Hayo ni mashauri ya mume na mke na tabibu, na yafaa yafanywe kabla.

Na liko la ulimi wa watu, ambalo yeye adhani atalikimbia kwa siri. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu. Katika miaka ya 1980 Waganda waliuita ukimwi siriimu, kwa sababu ya kukondesha kwake, na toka wakati ule mtu akikonda ghafula watu hunong'ona. Mama wa kilo 118 akifika kilo 80 kwa mwaka mmoja bila ya kueleza, mtaa utajieleza wenyewe. Atakuwa amekimbia kuitwa mvivu, akaangukia kuitwa jina zito kuliko hilo; na mumewe naye hatasalimika.

Sitara ni nini basi? Sitara ni kufunika kosa la aliyekosea, na kuhifadhi siri za nyumba zisizomhusu mtu wa nje. Maradhi si kosa. Maradhi ya Nabii Ayyub yasomwa misikitini hadi leo, na hapana aonaye kwamba amevunjiwa heshima. Hatumwambii dada yetu atangaze. Mtaa hauna haki juu ya tumbo lake, wala wateja wa dukani, wala shangazi wa mbali mwenye maswali mengi. Twamwambia kipimo chepesi, kwamba ajue kila mtu ambaye kutojua kwake kwaweza kumdhuru mgonjwa. Huyo ni mume. Ni mwenye kupika. Ni mwenye kubaki naye mchana. Ni mwenye gari atakayeamshwa usiku. Kwa wengine, neno "daktari amenikataza" ni kweli tupu na latosha.

Kwa kipimo hiki mama mkwe ajue, na binti ajue. Itasemwa kwamba mama mkwe ana ulimi. Yamkini anao. Lakini huyo ni mama wa bwana, na kazi ya kumwambia ni ya bwana. Asimtwike mke mgonjwa mzigo wa kumlainisha mama yake. Na aambiwe kama mtu mwenye kazi ya kufanya, yaani apewe orodha ya dalili za khatari na namba ya simu ya hospitali, kwa maana mtu aliyekabidhiwa amana husema kidogo kuliko aliyefichwa jambo akaligundua. Na huyo binti, unene hurithiwa katika damu kama urefu urithiwavyo. Iwapo mwili wake utafuata wa mama yake, apate kujua mama alipita njia gani na kwa gharama gani, asibaki na kisa cha likizo ya Mombasa ambayo mtu alirudi nayo na makovu matano.

Tusiwalaumu wagonjwa kwa siri ambayo sisi tumeijenga. Mtu wa mtaani akivunjika nyonga, harambee huitwa na simu za mkononi hupokea michango toka Kibera mpaka Lavington. Akiugua figo, vivyo hivyo. Hatujapata kusikia harambee ya mwenye unene wa kilo 118, ingawa unene huo ndio uliomharibia nyonga na ndio utakaomharibia figo. Twangoja ufike kwenye figo ndipo tutoe. Na gharama ya upasuaji huu katika hospitali za Nairobi ni mamia ya maelfu ya shilingi. Maskini hufa na unene wake, na mwenye nafuu huuza dhahabu kwa siri.

Wenye kukosa fedha, mji una wachuuzi wa kuwahudumia. Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya majani huuzwa vibarazani na katika simu. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo, na toka hapo wakaguzi wa Marekani wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kuwa ni majani matupu. Sindano za kila wiki, kama Wegovy, ni jambo jingine. Hizo ni dawa za kweli zilizopimwa, zaweza kumfaa mtu asiyetaka kisu, lakini bei yake ni nzito na akiziacha uzito hurudi kwa wengi. Amuulize tabibu, asimuulize mchuuzi. Na akiisha kuuliza yote kisha moyo wake ukakataa kisu, hana lawama. Kukataa kwa ujuzi ni uamuzi kama kukubali.

Kwa tabibu, aende na maswali yaliyoandikwa, na mtu mmoja wa kusikiliza pamoja naye, kwa kuwa mwenye hofu husikia nusu. Amuulize amefanya upasuaji huu mara ngapi, na wangapi walirudi na matatizo. Amuulize ni nani atakayekuwapo saa nane za usiku mambo yakiharibika, na kama hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi. Amuulize kwa nini amchagulie namna hii na si ile. Mwenye kiungulia kikali, kwa mfano, namna ya mfereji yaweza kumzidishia. Bei aitake kwa maandishi, pamoja na bei ya kurudishwa ndani kama kutatokea jambo, na ya vipimo vya damu vya miaka ijayo. Leseni ya daktari na ya kliniki hutazamwa katika daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, nalo li wazi kwa kila mtu. Tabibu akikasirika kwa maswali haya, atafutwe mwingine. Parklands na Upper Hill hazina uhaba wa matabibu.

Yamebaki mawili ambayo tabibu huenda asiyataje mpaka aulizwe. Sindano itumiwayo sana kuzuia damu isigande baada ya upasuaji, enoksaparini, hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Ipo nyingine iliyotengenezwa kwa kemia tupu, fondaparinuksi. Aulize kama yamfaa na yapatikana. Ikiwa haipatikani, roho haiachwi ipotee kwa damu iliyoganda, na hukumu ya dharura yajulikana. Na Ramadhani, ikimkuta katika miezi ya mwanzo, asifunge. Mwili wake utahitaji maji siku nzima kwa mafunda madogo, na hawezi kuyanywa yote baina ya futari na daku. Matabibu wengi humtaka angoje mwaka au zaidi. Siku hizo atazilipa atakapoweza, na kwa kuwa ana kisukari, kuna uwezekano kwamba mwaka ule wa kulipa atafunga kwa salama kuliko alivyofunga miaka kumi iliyopita.

Kwa wenye karamu tuna neno dogo. Katika kumbi za mjini siku hizi kila mtu huletewa sahani yake, mpishi akailundika, na mwenye shughuli hupita akitazama nani amebakiza. Mgeni wa tumbo dogo hana pa kujificha. Ama ale mpaka atapike, ama aonekane amedharau chakula. Sinia la zamani lilikuwa na rehema zaidi, watu sita wakalizunguka na hapana aliyehesabu matonge ya mwenzake. Tukimwalika dada huyu, tumuweke kwenye sinia, nyama iwe upande wake kwa kuwa ataanza nayo kabla ya wali. Na maji apewe nusu saa kabla ya chakula, asiletewe gilasi katikati ya kula.